Kibuyu Chenye Pengo

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mlima Mkavu walichota maji mtoni, mbali, kwa Mamba. Asubuhi moja mke wa Nungunungu alikwenda kuchota. Kibuyu kilipatikana ukingoni, mdomo wake umemegwa na jino. Mke hakupatikana. Tangu hapo, kibuyu kikikauka, anayekwenda mtoni ni binti yao.

Siku moja Mfalme Simba akatangaza, "Nitachimba kisima kimoja. Kitakwenda kwenye kijiji chenye shida kuliko vyote." Akamtuma Nguchiro, msomi wake, apite kila kijiji akihesabu nyumba kwa mfuko wa kokoto. Nyumba yenye maji, kokoto nyeupe. Isiyo na maji, nyeusi.

Mlima Mkavu wana desturi zao. Mgeni haulizwi neno kabla hajanywa maji. Na amalizaye kibuyu ndiye akijazaye.

Kanga akaja mbio kwa Nungunungu, tiku tiku tiku!

"Shemeji, nipe kibuyu! Mgeni yuko kwangu, na kijiji kizima hakina tone ila hapa."

"Si umwambie hakuna?"

"Hakuna? Atuone ombaomba? We shemeji, huna haya!"

Nungunungu akatoa.

Nguchiro akanywa kwa Kanga, gu! Akatia kokoto nyeupe, ko! Kibuyu kikapita chini ya uzio, chwa! Kikafika kwa Ngiri kabla ya mgeni. Gu! Ko! Chwa! Kikafika kwa Kobe. Gu! Ko! Chwa! Mpaka nyumba ya mwisho, kwa Nungunungu. Tumbo la msomi lilikuwa ndi! Kwa adabu, akakimaliza.

"Hongereni, mzee," akasema, akacheua. "Mna maji kuliko kijiji cha Kiboko!"

"Hilo pengo la kibuyu umeliona?"

"Kila nyumba! Mtindo mzuri. Fundi wenu ni mmoja?"

"Mmoja. Mamba."

Nguchiro akacheka. Nungunungu hakucheka.

"Mgeni, umemaliza maji ya kijiji kizima. Amalizaye hujaza. Mto uko kule."

"Mimi? Msomi wa mfalme?"

"Basi kajaze kisomi."

Kanga akachungulia uzioni. "Mgeni akachote maji! Aibu gani hii!"

"Aibu nimeibeba mimi, shemeji. Leo binti yangu haendi."

Nguchiro akaenda. Jua kali, njia ndefu, tumbo linacheza bwata bwata! Akainama mtoni. Alipogeuka na maji, Mamba, kwachu!

Alirudi jioni. Kibuyu nusu, mkia nusu. Kokoto zote nyeupe akazimwaga njiani kwenda kwa Mfalme.

"Haya," akauliza Simba, "nyumba ngapi zina maji?"

"Zote, Mfalme. Zina kibuyu kimoja. Ukitaka ushahidi, nitazame nyuma."

Simba akatazama. Akacheka mpaka akalala chini. Alipoinuka, akachimba.

Binti akachota maji karibu na nyumbani, na kibuyu kipya. Kile chenye pengo Nungunungu alikitundika ukutani. Hakikujazwa tena.

Basi mnaopima maisha ya vijijini, msihesabu tu mnachokikuta. Ulizeni kimetoka wapi, na nani amekilipia. Nanyi mnaopimwa, mkificha kiu yenu, kisima kitachimbwa kwa wengine.

Hadithi yangu imetua mzigo hapa. Mwenye kiu anywe, na amalizaye ajaze.