Hodi ya Tatu

Sogeeni, na mzime simu zenu. Hadithi hii ina simu ya kutosha ndani yake.

Palikuwa na watu watatu pale Muheza, na kila mmoja alijaliwa kitu chake. Mbwana alijaliwa subira, ile ya kuudhi, ya mtu anayemenya chungwa huku wenzake wanameza mate. Tatu alijaliwa mikono: simu iliyotumbukia chooni ukimpelekea asubuhi, jioni inaita. Mwanjaa alijaliwa masikio. Ndala zikipita nje, alikuambia ni nani na kama kanuna.

Wote watatu walimpenda Chambo, na Chambo alikuwa amekufa. Mwanjaa ni dada yake, Tatu mchumba wake, Mbwana rafiki yake tangu wote wanachuruzika kamasi.

Sasa, vijana wanne walikuwa wamepanga chumba nyuma ya fundi cherehani, wakajiita Studio Kumbikumbi. Wakatengeneza gemu la simu: unazunguka mtaani unapiga hodi nyumba kwa nyumba, unamtafuta mbuzi aliyepotea. Upuuzi, utasema, lakini watu walilicheza mpaka chakula kikaungua. Uwezo wa kulipa waigizaji wa sauti hawakuwa nao, basi wakawa wanaita wapita njia dirishani. Chambo alipita na baiskeli, wakamwita, akasema neno moja, "Karibu", akanywa soda yao akaenda zake.

Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Na hakuwa mtu wa kurekodi sauti. Ukimtumia ujumbe wa maneno mia anakujibu "poa". Kwa hiyo sauti yake ilibaki ndani ya gemu tu, kwenye neno lile moja.

Kumbikumbi nao wakaota mabawa wakahamia Dar es Salaam, kwenye jengo la vioo. Mashabiki wa Muheza kazi yao ikawa kukaa kwenye banda la chipsi na kubishana: sehemu ya pili itakuwaje, ya tatu inatoka lini, mbuzi ataonekana au wametudanganya.

"Vijana wamekua wale," akasema muuza chipsi, kwa fahari kama yeye ndiye aliyewazaa.

"Wamevimba," akasema Mwanjaa. "Nimefika getini kwao, nikaulizwa nina miadi na nani."

Alikuwa amekwenda kweli. Wachezaji wenye haraka walilalamika kwamba hodi zinawachelewesha, studio ikaziondoa. Sasa mlango unausukuma kwa kidole unaingia kama mwizi. Hodi zilipoondoka, wanaoitikia nao wakaondoka, na zile sauti za mwanzo zilipotea kwenye kuhama. Mwanjaa alikaa pale getini mpaka binti mmoja wa ofisini akamwonea huruma. Akamwambia: tuleteeni gemu kama lilivyokuwa mwanzo, tutamweka kaka yako kwenye sehemu ya pili. Lakini fanyeni upesi, tunakaribia kuifunga.

Upesi ndio uliokuwa ukimtesa Mwanjaa. Masikio yale yanayojua ndala za mtaa mzima yalikuwa yameanza kumsahau Chambo. Uso aliukumbuka, kicheko hapana. Hilo hakumwambia mtu.

Kila simu waliyoishika, gemu lake lilikuwa la sasa, lisilo na hodi. Tatu akafukua boksi la simu zilizokufa, akakuta moja iliyoingia maji zamani na mwenyewe hakuifuata tena. Ndani yake gemu lilikuwa halijaguswa. Ilihitaji kifaa ambacho hakikupatikana popote ila kwenye simu ya Tatu mwenyewe, ile yenye "poa" zote za Chambo. Akaipasua. "Hii itawaka mara moja," akawaambia. "Ikizima, tukazike." Kisha akachomeka waya wa kurekodi.

Mbwana akashika. Nyumba ya Chambo ilikuwa ya mwisho, na iliitikia hodi ya tatu tu. Katikati ya hodi na hodi unasimama, kama unavyosimama mlangoni kwa watu, mwenye nyumba afunge kanga yake. Ukiharakisha, mbwa anakufukuza na unaanza upya. Simu ikachemka. Mwanjaa akamsukuma bega, akamwambia fanya haraka, itazima. Mbwana hakufanya haraka. Vidole vyake vikatoka malengelenge, na hodi ya tatu aliipiga kwa wakati wake. Nyumba ikaitikia. Simu ikazima, na kweli haikuwaka tena.

Lakini Kumbikumbi, kwa ujanja wao wa kimaskini, walikuwa wamechanganya wanaume watatu pamoja ili nyumba isikike ina watu, na sauti wamezikoroga mpaka zimefanana. Walipoipeleka rekodi, studio ikazitenganisha sauti ikazirudisha: mwenu ni yupi? Tatu akasema wa kwanza. Mbwana akasema wa pili. Mwanjaa akasikiliza, na hakumjua hata mmoja. Akajifungia ndani na sauti zile, hata chakula hali. Mwisho akaacha kusikiliza neno, akasikiliza kilicho kabla yake. Kwenye sauti ya tatu mtu alivuta pumzi kama anayeinua ndoo, na nyuma yake ikalia kengele ya baiskeli, ile ya Chambo iliyopasuka. Akawaita wenzake. Waliposikia kengele, hakuna aliyebisha.

Studio ikafurahi, ikawatunuku. Hodi zinarudi, Chambo ataitikia sehemu ya pili, na ya tatu. Na safari hii mpiga hodi naye atakuwa na sauti, moja tu, gemu zima. Chagueni mmoja wenu, Ijumaa tutawapigia. Mkishindwa, tunamweka mwigizaji.

Waliketi bandani, chipsi zikapoa.

"Hodi ya tatu," Tatu akasema. "Jina si hilo hapo? Nilimpasulia kila alichowahi kuniandikia. Ninyi mmepoteza nini?"

Mbwana akaonyesha vidole. Akasema hodi ile alishaipiga, na Chambo alimwitikia yeye, amwachie nani?

Mwanjaa alikuwa wa mwisho. "Ninyi mlimsikia mkamkosea," akasema. "Mimi nilikuwa nimemsahau nikamtafuta. Nikimwacha mwingine aitikiwe, nitamsahau tena."

Ijumaa ndiyo hii. Simu ya studio inaita juu ya meza, na hakuna anayenyoosha mkono.

Haya, ninyi mnaojua kuamua ya majirani: aliyepasua, aliyesubiri, na aliyesikia. Chambo yuko ndani. Mlangoni mnamsimamisha nani?