Kuni za Kibanda cha Uwandani

Kuni zilizobaki hazina lawama.

Niliyasema maneno hayo asubuhi, nanyi wanangu mkabaki kutazamana. Redio ilitangaza kwamba wiki hii sakitu itaanguka, umande ugande na kuunguza viazi. Mkabeba nyasi siku mbili, mkafunika shamba zima, na mpaka leo kilichoganda ni nyuso zenu tu. Sasa Anyitike anataka nyasi zirudishwe zizini, na Vumilia ananiuliza kuni zimeingiaje katika habari za viazi. Kaeni basi, shamba halikimbii. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia katika ukoo wetu.

Kabla ya barabara, watu wa hapa Isululu waliokuwa na safari ya upande wa pili walivuka uwanda kwa miguu, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Uwanda mnaujua. Ni nyasi tupu, hakuna mti hata wa kutundikia kofia. Katikati yake wazee walijenga kibanda cha mawe ili msafiri akizidiwa na baridi aingie humo na kuwasha moto. Kuni zilitoka msituni kule bondeni, na kuzifikisha kibandani ilikuwa kazi ya siku nzima, mzigo ukiwa kichwani.

Kijiji kilikuwa na mtu wake wa kutazama baridi. Miaka ile alikuwa Mzee Luvanda, babu yangu mzaa mama. Kila jioni aliweka sahani ya udongo yenye maji juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na kila alfajiri aliyagusa yale maji kwa kidole. Aliangalia kondoo wamelala wakigeuzia upande gani migongo. Aliangalia moshi wa majikoni kama unapanda au unatambaa chini. Alipoona wiki mbaya inakuja, alifanya mambo mawili. Kwanza alitangaza, na kila kaya ikapeleka mzigo mmoja wa kuni kibandani. Pili aliwasha moto wa majani mabichi kwenye ukingo wa uwanda. Watu wa ng'ambo wakiuona moshi ule hawavuki. Wasipouona, wanavuka.

Mwaka huo, mwanzoni mwa mwezi wa saba, Mzee Luvanda alitangaza. Alisema itakuja mvua inayoganda ikigusa ardhi, na pengine theluji. Kuni zikapandishwa, mizigo ishirini na mitatu, kila mmoja umefungwa kwa kamba ya gome na fundo la mwenyewe. Moshi ukawashwa. Halafu zikaja siku saba za jua, jua zuri la kuanikia mahindi.

Watu walicheka. Hamjui watu wa hapa wakiamua kucheka. Alipopita kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi, kijana mmoja aliyeitwa Kyando alisimama kwa heshima zote, akavua kofia na kumuuliza, "Shikamoo mzee. Kesho tuvae nini?" Kilabu kizima kikaangua kicheko. Wakamwita Mzee wa Jua. Hata watoto waliokwenda kuchota maji walilijua jina hilo.

Na hawakuishia kwenye kucheka. Kyando alisema kuni hazipaswi kuozea uwandani wakati majiko yana njaa. Siku moja wakapanda kundi zima, kila mtu akautafuta mzigo wenye fundo lake, wakarudi nazo. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kufanyika tangu kibanda kijengwe. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, mjane aliyeitwa Mama Sigala. Walipompitia aende kuchukua zake, alikuwa akipepeta ngano, na hakuinua kichwa.

"Zangu ziacheni huko huko," alisema.

"Mama, si hazikutumika?" Kyando akamuuliza.

"Ndiyo maana bado ni kuni. Zingetumika zingekuwa majivu."

Wakaona naye uzee umemzidi kama Luvanda, wakaenda zao.

Zilipita kama wiki mbili. Alfajiri moja Mzee Luvanda aligusa maji ya sahani, kidole kikagonga ukoko wa barafu. Akapasua ule ukoko, chini yake kukawa na ukoko mwingine. Kondoo walikuwa wamebanana, migongo kusini. Moshi wa jikoni kwake ulitoka mlangoni ukatambaa hadi kwenye bustani. Bibi alimwona amesimama pale kwa muda mrefu, akamuuliza kama anakwenda kutangaza. Babu akasema, "Nikisema watacheka." Bibi akamwambia wacheke, meno ni yao. Babu aliingia ndani, akajifunika blanketi, na siku ile hakutoka. Hakutangaza. Moshi pia hakuuwasha, kwa sababu moshi ungeonekana na kila mtu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama yangu Sekela alikuwa binti yake. Yeye na mume wake Lutengano walikuwa ng'ambo ya uwanda, wamempeleka mtoto wao wa miezi minne akaonwe na ndugu wa Lutengano. Nyumbani walitarajiwa mwisho wa mwezi. Lakini Lutengano alikuwa na pareto yake shambani imekomaa, akaona afadhali warudi mapema. Wakafika ukingoni, wakatazama upande huu. Hapakuwa na moshi. Kwao hiyo ilikuwa habari njema kutoka kwa babu, kwamba njia ni salama. Wakavuka. Yule mtoto ni mimi.

Mvua iliwakuta njiani. Mama alinisimulia mara moja tu maishani mwake, na mimi nawasimulia kama alivyosema. Mvua ilikuwa nyembamba, ikigusa nguo inakuwa ngumu kama gome. Nyasi zote ziligeuka kioo, wakawa wanateleza na kuanguka. Walifika kibandani jioni, wakijua kwamba humo kuni hazikosekani, kwa maana tangu wakiwa watoto hazikuwahi kukosekana. Wakakuta mzigo mmoja.

Waliuwasha kidogo kidogo, kijiti baada ya kijiti. Lutengano alipima kwa macho, akaona moto wa mzigo mmoja hautafika asubuhi. Alivua koti lake akatufunika mama na mimi. Akasema anakwenda kutafuta chochote kinachowaka, hata kinyesi cha ng'ombe, naye hachelewi. Mama alimshika mkono. Lutengano akamwambia, "Mwangalie mtoto," akatoka.

Asubuhi Isululu yote ilikuwa nyeupe, na juu ya weupe ule ilidondoka theluji, ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mzee Luvanda alipanda uwandani peke yake na mzigo wa kuni kichwani. Hakujua kama kuna mtu huko. Alikwenda kwa sababu moyo ulimsuta. Kyando alimwona akipita, na safari hii hakuuliza la kuvaa. Alibeba mzigo wake akamfuata nyuma.

Walimkuta Lutengano hatua kama mia kutoka kibandani. Alikuwa amelala kifudifudi na kifurushi cha mashina ya nyasi chini ya kifua, ameyakinga yasilowe. Ndani ya kibanda makaa machache yalikuwa bado mekundu, mama ameinama juu yake, mimi nikiwa tumboni mwa koti. Aliinua macho akamwona baba yake mlangoni.

"Baba," alisema, "hukuiona?"

Mzee angeweza kusema hakuiona. Mtu hukosea, na kila mmoja angemwamini, kwani si alikosea majuzi tu? Aliweka kuni chini.

"Niliiona, mwanangu."

"Na moshi?"

"Niliogopa kuchekwa."

Mama alininyonyesha, huku Kyando akikuza moto na machozi yakimshuka bila kujificha. Kisha mama akaona kamba ya gome ya ule mzigo mmoja, imelala kando ya mafiga. Akaiokota, akauliza fundo hilo ni la nani. Kyando akamwambia ni la Mama Sigala.

"Na mafundo mengine yako wapi?"

Kyando akainamia moto, akaongeza kuni.

Baba yangu alizikwa siku ya tatu, ardhi ikiwa ngumu hata majembe yakalia. Watu walikuja msibani na kuni, kila kaya na mzigo wake. Hakuna aliyewaagiza. Wakaziweka uani. Mzee mmoja alisimama akaanza kusema kwamba kosa ni la Luvanda aliyenyamaza. Mwingine akasema kosa ni la waliomcheka. Yakataka kuwa magomvi pale pale kaburini. Ndipo mama yangu, mjane wa siku tatu, akasimama na ile kamba mkononi.

"Baba yangu amekosa, naye anajua," alisema. "Nanyi mmekosa, nanyi mnajua. Mwakani atatangaza tena. Pengine jua litawaka. Hizo kuni mziache huko huko. Kuni zilizobaki hazina lawama."

Mwaka uliofuata babu alitangaza mara tatu, na mara mbili jua likawaka. Kyando ndiye aliyekuwa wa kwanza kupandisha mzigo, mara zote tatu, na hakuna aliyekwenda kuchukua wake. Babu alitazama baridi hadi alipokufa. Mama alimpikia na kumfulia miaka yote hiyo, lakini jina la baba yangu hawakuwahi kulitaja wakiwa pamoja. Mimi sura ya baba siijui. Koti lake nililikuta, lilinifika magotini nilipokuwa na umri wenu.

Basi huyo mtu wa redio msimcheke. Akikosea leo mkamcheka, kesho ataona ukoko juu ya maji na kujifunika blanketi. Anyitike, zile nyasi mlizokwisha kuziondoa, zirudisheni juu ya viazi kabla jua halijashuka. Kama sakitu haitaanguka, tutazikuta ni nyasi tu, na ng'ombe watazila.

Kuni zilizobaki hazina lawama.