Mchunga wa Bibi Nyamvula

Paukwa!

— Pakawa!

Hee! Ndiyo sauti hiyo, au mmekula mkavimbiwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Mwenye tumbo linalonguruma alishike, maana ngano ya leo haitaki tumbo liitikie.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji. Humo aliishi bibi kizee mmoja, jina lake Nyamvula. Meno yake yalibaki upande wa kushoto tu. Alitafuna huko huko, nyam-nyam, nyam-nyam, shavu la kushoto limetoka kama limeficha kokwa.

Bibi huyu alijua matumbo. Hakuwa mganga, wala hakupunga pepo. Ukienda kwake unaumwa, alikulaza mkekani, akaweka sikio juu ya kitovu chako, akasikiliza.

"Jana ulikula nini?"

"Sikula kitu, bibi."

"Nyamaza wewe. Nimeliuliza tumbo."

Tumbo likajibu, nguru-nguru! Naye akacheka, akakutajia ulichokula, na nyumba ulikokula. Watu walimwogopa kidogo kwa hilo, na hata mimi ningemwogopa. Lakini walipona. Mwenye gesi alichemshiwa tangawizi. Mtoto mwenye minyoo alitafunishwa mbegu za papai. Aliyekosa choo alipewa mchunga, yale majani machungu ya porini, pamoja na maji yake ya kuchemshia, bila kumwaga hata tone. Na nyumbani kwake, kila mlo, tonge la kwanza lilikuwa la mchunga. Vingine vilifuata.

Uzee ukamlaza. Akawa anatunzwa na Umazi, mke wa mwanawe. Siku moja wakaja wageni kutoka kijiji chenye ng'ombe wengi. Umazi akapika sima nyeupe, ya mahindi yaliyokobolewa mpaka hayana hata chembe ya pumba, na nyama ya mbuzi. Mara sauti ikatoka chumbani, nyembamba:

"Mkaza mwana, mchunga umeiva?"

Chungu cha mchunga kilikuwa jikoni, kinatokota, puku-puku, puku-puku. Lakini Umazi aliona haya. Wageni wangesemaje? Kwamba nyumba hii hula majani kama mbuzi?

"Umekwisha, mama," akajibu.

Akakibeba chungu kwa mlango wa nyuma, akamwaga jalalani. Bibi Nyamvula akapelekewa sima nyeupe. Hakuigusa. Jua halijatua, alikuwa amekata roho.

Wakalia, wakazika. Umazi hakumwambia mtu.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mengi. Watu wakafyeka mboga za mwitu kando ya mashamba, wakachoma moto, wapate pa kupanda mahindi zaidi. Wakasema, "Chakula cha dhiki tumeachana nacho." Wakakoboa, wakakoboa, pumba wakawamwagia kuku. Kuku wakanenepa, walahi, kuliko wenye kuku.

Siku ya arobaini tangu mazishi ikafika. Saa sita mchana, jua la utosi, kila mtu amekanyaga kivuli chake. Upepo ukakoma. Kuku wakaacha kuparura. Kisha nyumba ya kwanza: nguruuu. Ya pili: nguruuu. Matumbo ya kijiji kizima yakanguruma kwa pamoja. Yakanyamaza kwa pamoja. Watu wakatazamana, na hakuna aliyecheka.

Tangu saa hiyo matumbo yakafunga. Siku ya kwanza, hakuna choo. Siku ya pili, hakuna choo. Siku ya tatu, niwaambieni wazi, vichaka vya nyuma ya nyumba vilikaa peke yake. Watu wazima na heshima zao walitembea wameshika viuno. Na kila saa sita mchana, nguruuu, nyumba hadi nyumba.

Aliyezidiwa ni Kadzo, binti wa pekee wa Umazi, mtoto wa miaka mitano. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa. Akaacha kula. Akaacha kunywa. Siku ya tano macho yakaingia ndani, na Umazi akajua kwamba mtoto anamtoka. Akafanya alichokuwa akimwona mama mkwe wake akifanya. Akaweka sikio juu ya kitovu.

Nguru-nguru. Kisha humo ndani, polepole:

"Mkaza mwana, mchunga umeiva?"

Umazi akaruka, kichwa kikagonga nguzo. "Kadzo! Umesema nini?"

Kadzo alikuwa amelala. Midomo imefumba.

Umazi akatwaa kikapu, akatoka mbio. Kando ya mto, majivu. Kando ya mashamba, majivu. Palibaki mahali pamoja tu pasipopitwa na jembe: kaburini kwa Bibi Nyamvula. Hapo mchunga ulikuwa umeota mwingi, unafika magotini. Na katika kijiji kile, kilichoota juu ya kaburi hakichumwi. Hata mbuzi walifukuzwa.

Umazi akapiga magoti.

"Hodi, mama."

Akachuma jani. Tk. Pembeni yake kukajibu: tk. Akachuma. Tk. Kukajibu: tk. Akasimamisha mkono. Kule kukaendelea: tk, tk, tk. Majani yakadondoka kikapuni kutoka upande wa pili, jani moja moja, bila mzizi, yamechambuliwa vile alivyochambua Bibi Nyamvula. Umazi hakugeuza shingo. Kikapu kilipojaa akasema, "Ahsante, mama," akaondoka. Hakukimbia, asije akamwaga hata jani.

Akachemsha. Majirani wakajaa chumbani. Akapeleka tonge kinywani mwa mtoto. Kadzo akakaza meno. Tumbo likauliza, na safari hii wote walisikia:

"Mkaza mwana, mchunga umeiva?"

"Umeiva, mama. Huu hapa."

Meno hayakufunguka. Tumbo likauliza tena. Majirani wakarudi nyuma mpaka mlangoni. Ndipo Umazi alipoelewa ni siku gani anayoulizwa. Akaweka bakuli chini, akalia.

"Siku ile uliiva, mama. Nilikudanganya. Niliwaonea haya wageni, nikaumwaga jalalani, ukafa na hamu yako. Nisamehe. Leo umeiva. Karibu, ule."

Kadzo akafungua kinywa. Macho bado yamefumba. Akatafuna: nyam-nyam, nyam-nyam, upande wa kushoto, shavu limetoka kama limeficha kokwa. Mtoto mwenye meno yote! Akanywa na maji yake, hakubakiza tone. Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akasema kwa sauti nyembamba:

"Ahsante, mkaza mwana. Nimeshiba."

Mlangoni, majirani wawili walikwisha kutoroka.

Kisha tumbo likanguruma, nguru, nguru, nguruuu, prrrt! Kadzo akafumbua macho, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mama, nataka choo!"

Chekeni tu. Umazi hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alimbeba mbio hadi kichakani, huku analia, huku anacheka.

Chungu kikazunguka nyumba hadi nyumba. Jioni ile kichakani watu walingojeana zamu. Na tangu hapo wakaotesha mchunga mipakani, wakala sima na pumba zake, na tonge la kwanza likawa la uchungu. Wageni wakija, mzee wa nyumba huulizwa kwanza yeye anataka nini.

Basi, funzo langu ni hili: usikionee haya chakula kilichokulea, na mzee akikuomba mboga, mpe ingali chunguni.

Kadzo alikua, akaolewa, akazaa. Siku ile hakuikumbuka kabisa. Nyama alitafuna pande zote mbili. Lakini ukimpa mchunga, nyam-nyam, kushoto tu. Wanawe hivyo hivyo. Wajukuu hivyo hivyo. Na mimi ni wa ukoo huo. Ngano yangu imekomea hapa. Sasa nileteeni mchunga wangu, mnitazame shavu.