Bibi Sikitu na Chuo cha Kuta Nyeusi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Leo sikuwaletea sungura wala fisi. Leo nimewaletea bibi mmoja mwenye uchungu, na nyumba isiyo na paa. Atakayelia na alie, hatachekwa na mtu.

Hapo zamani za kale, juu ya vilima, mpakani kabisa mwa nchi, palikuwa na kijiji. Ng'ombe walikuwako. Mtama ulikuwako. Watu walikuwako, na wazee wa kuwaonya walikuwako. Chini ya vilima waliishi watu wa bondeni. Walioana na watu wa vilimani, walipeana mbegu, walizikana. Kisha wakagombea malisho. Neno likazaa tusi, tusi likazaa mkuki.

Watu wa bondeni wakapanda. Titi-titi-titi! Nyayo hizo. Moto ukasema vuuu! Mapaa yakaanguka, puu! puu! Watu wa vilimani nao wakashuka, wakachoma vya wenzao. Hakuna aliyeshinda. Vita viliisha kwa sababu watu waliisha.

Sasa sikilizeni. Katika vita vile wazee ndio waliokufa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu hawakuweza kukimbia. Wakunga wakafa. Waganga wakafa. Waliojua mipaka ya mashamba wakafa. Waliobaki wengi ni wale wenye miguu mepesi, nao vichwa vyao vilikuwa bado havijajaa.

Basi vita vikaisha, kufa hakukuisha.

Watu wakawa na njaa. Wakaingia katika mashamba ya waliokufa, wakang'oa muhogo. Muhogo upi mtamu, upi mchungu wenye sumu? Nani anajua?

Aliyejua amekufa.

Wakautafuna hivyo hivyo. Nyumba nzima ikalala, haikuamka.

Ndugu wawili wakagombea shamba la babu yao. Mpaka ni mti ule au ni jiwe lile? Nani anajua?

Aliyejua amekufa.

Mmoja akampiga mwenzake jembe la kichwa.

Na palikuwa na bibi, jina lake Sikitu. Mwanawe wa pekee, Kayanda, aliuawa mlangoni pake siku ya moto, naye akaona kwa macho yake. Kayanda aliacha mke mjamzito, Mwavita. Bibi Sikitu akamlea mkwewe kama yai. Akamtafutia uji, akamchotea maji, akamkataza hata kuinama. Siku ya uchungu ikafika. Mtoto akatoka, akalia. Nyaa! nyaa! Lakini damu ya mama ikafuata, haikukoma. Wanawake wakajaa mlangoni, wanatazamana.

"Kuna mzizi wa kuzuia damu," akasema mmoja. "Bibi yangu alikuwa akiutumia."

"Mzizi gani?" akauliza Bibi Sikitu. "Uko wapi? Unachemshwa au unatafunwa?"

Nani anajua?

Aliyejua amekufa.

Mwavita akafa jua likiwa utosini. Mtoto akamfuata mamaye kabla hajapewa jina.

Bibi Sikitu hakulia. Alikaa chini mpaka matanga yakaanuliwa. Kisha akajifunga kanga yake kiunoni, akaenda kwa Mtemi.

Mtemi aliitwa Kalonda. Alikuwa kijana, amepewa kiti kwa kuwa baba yake na kaka zake wote walikuwa wamelala makaburini. Bibi Sikitu alimkuta amesimama kwenye baraza kuu ya kale. Moto ulikuwa umekula paa la baraza ile, ukaziacha kuta zake nene, nyeusi tii. Mtemi alitaka kuzigeuza ngome.

"Mtemi," akasema Bibi Sikitu, "nipe kuta hizi."

"Za nini, bibi?"

"Za chuo. Kila aliyebakiwa na kitu kichwani aje akitoe hapa. Kila mwenye masikio aje akipokee."

Mtemi akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Bibi, chuo kiko mji mkuu, kwa mfalme. Wasomi wako huko. Sisi wa mpakani, tusio na hata kuku, chuo cha nini?"

"Mji mkuu ni mwendo wa mwezi mzima. Mwenye uchungu wa kuzaa hangoji mwezi."

"Na adui akirudi?"

"Adui hana haja ya kurudi. Tunakufa wenyewe, Mtemi. Hesabu makaburi ya kabla ya amani na ya baada ya amani, uniambie yapi mengi."

Mtemi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akampa kuta.

Akaja kutoka kilima cha mbali mzee mmoja kipofu aliyesalia kwa kufichwa ghalani. Huyo alijua mipaka na hukumu. Akaja na mwanamke wa huko aliyejua mbegu na udongo. Vijana wakaja wachache, wakaketi juu ya majivu. Lakini wa kufundisha tiba hakupatikana. Bibi Sikitu akazunguka vilima vyote akiuliza. Nani anajua? Nani anajua? Watu wakatikisa vichwa.

Basi siku moja kelele zikasikika. Lii! lii! Vijana wanamburura mtu kwa kamba. Walimkamata mpakani akichimba mizizi. Uso wake ulikuwa umechimbika makovu ya ndui, na kwa uso ule kila mtu alimjua. Alikuwa Lubunga, mtu wa bondeni. Siku ya moto ndiye aliyekuwa mbele.

Ndiye aliyemuua Kayanda.

Watu wakakusanyika. Mtemi akasema, "Bibi Sikitu, sheria yetu unaijua. Damu hii ni yako. Useme afe namna gani."

Bibi Sikitu akamwendea. Akasimama karibu naye hata pumzi zao zikakutana.

"Ile mizizi ni ya nini?"

"Ni dawa, mama. Nilikuwa mganga kabla ya vita. Nafunga mifupa. Natibu homa. Nazuia damu."

"Unazuia damu."

"Ndiyo, mama. Ya jeraha, na ya mzazi pia."

Ziii. Nzi peke yake ndiye aliyesema.

"Mwanangu alitoka damu mlangoni pangu," akasema Bibi Sikitu. "Ulikuwa na mzizi siku ile?"

Lubunga akainamisha kichwa. "Siku ile nilikuwa na mkuki."

Watu wakapiga kelele, "Afe! Afe!" Vijana wakainua mawe. Bibi Sikitu akageuka. Akasimama kati ya mawe na Lubunga.

"Damu ni yangu, mmesema wenyewe. Basi siitaki leo. Huyu akifa, mzizi unakufa naye. Afundishe. Atakayemgusa, amegusa haki yangu."

Ndugu zake wakamtemea mate miguuni. Wakasema, "Umemuuza Kayanda!" Tangu siku ile hawakumpa tena moto wa kuwashia jiko, wala hawakumwita kwenye msiba wala harusi.

Chuo kikaanza. Kila asubuhi Bibi Sikitu alikuja, akaketi ndani ya kuta nyeusi, akimlinda Lubunga. Asingekuwapo, vijana wangemuua, naye alijua. Hakula naye. Hakumsalimu. Lubunga alipopita kushoto, yeye aligeukia kulia. Lubunga alipofundisha mfupa wa mguu, bibi alisikiliza. Alipofundisha mzizi wa kuzuia damu, Bibi Sikitu alifunga macho, machozi yakapita chini ya kope, na bado hakuinuka.

Wanafunzi wakaongezeka. Wakatoka vijiji vya mbali, wakaezeka paa la nyasi. Siku moja wakaja watatu kutoka bondeni, wamesimama mlangoni kama mbuzi waliopotea. Wa vilimani wakasonga, wakawapa nafasi mwishoni, bila tabasamu. Hawakupendana, nisiwadanganye. Lakini ili ujifunze kufunga mfupa sharti ushike mguu wa mwenzako. Wakashikana.

Aliyewapita wote alikuwa binti mmoja, Zawina, mtoto wa mjane. Huyo alikuwa mwepesi wa kushika na mwingi wa maswali. Mpaka Lubunga alikuwa akisema, "Zawina, nipe nafasi nimeze mate." Hapo tu ndipo watu walipomwona Bibi Sikitu akicheka kidogo.

Mnadhani mambo yalitengemaa?

Ndui ikaingia.

Ikaanza vijiji vya mashariki, ikaja inatambaa. Leo nyumba hii, kesho ile. Watu wakaanza kukimbia, na kila aliyekimbia akaibeba. Lubunga akamwendea Bibi Sikitu, akasimama mbali kidogo.

"Mama, niruhusu niende. Ndui ilishanipata, hainirudii tena. Najua kuwatenga wagonjwa, najua kuwanywesha, najua cha kuchoma na cha kuzika."

"Ukifika huko watakuua mlango wa kwanza, uso wako wanaujua wote."

"Basi nani aende?"

Bibi Sikitu akawatazama wanafunzi. Wote walikuwa wamesikia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameugua ndui.

"Nani anajua?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Zawina akasimama. "Mimi najua, bibi."

Mwingine akasimama. "Mimi najua." Akasimama mmoja wa bondeni. "Mimi najua." Wakasimama karibu wote. Bibi Sikitu angeweza kusema kaeni chini. Hakusema. Akawagawia vijiji.

Wakaenda. Wakawatenga wagonjwa, wakachoma matandiko, wakazuia watu wasikimbie. Vijiji vingi vikapona, ambavyo vingebaki majani tu. Lakini wanafunzi waliorudi walikuwa nusu. Zawina hakurudi. Alizikwa huko huko, na watu asiowajua.

Mama yake akaja chuoni, hana kitambaa kichwani, miguu imejaa vumbi.

"Bibi Sikitu! Uliniambia mwanangu atasoma. Ulimpeleka kufa!"

"Nilimpeleka."

"Ulijua?"

"Nilijua kwamba huenda asirudi. Nilijua, nikampeleka."

Mama Zawina akampiga kofi, pa! Mtu akataka kumshika, Bibi Sikitu akamzuia. Kisha wote wawili wakaketi chini. Mama Zawina akalia mpaka sauti ikakauka. Bibi Sikitu hakumwambia pole, wala hakumwambia ni kazi ya Mungu. Alikaa naye tu. Siku zilizofuata akawa anamchanjia kuni na kumwekea mlangoni, huyo bibi mwenye mgongo mbovu, na Mama Zawina akawa anazipita bila kuzigusa. Kuni zikarundikana. Mvua ikazinyeshea.

Mtemi akaja. "Bibi, tufunge. Chuo hiki kimekula watoto."

"Kimekula, Mtemi. Ukikifunga, watakuwa wamekufa bure."

Walipokuwa wakibishana, Mama Zawina akaingia. Hakumtazama bibi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Lubunga, akaketi chini.

"Nifundishe alichokijua mwanangu," akasema. "Chote. Usinifiche kitu."

Lubunga akaunyosha mkono wake mwenyewe. Kisha akaanza, kwa mfupa wa mkono.

Chuo hakikufungwa.

Miaka ikapita, Bibi Sikitu akaanguka kitandani. Wanafunzi wakamuuguza vizuri, lakini uzee hauna mzizi. Siku ya mwisho Lubunga akaja, akapiga magoti mlangoni, akaogopa kuvuka kizingiti.

"Mama, nimefundisha tangu siku ile. Mikono hii imepokea watoto wengi. Mama, nisamehe."

Bibi Sikitu akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya kamba.

"Msamaha sina, Lubunga. Nimeutafuta kila asubuhi, sikuuona. Nenda ukafundishe."

Akageukia ukutani. Kabla ya jioni akakata roho.

Watu walikuja kumzika kutoka vilima vyote, na kutoka bondeni pia. Hata wale ndugu waliomtemea mate wakaja, wakachimba kaburi. Lubunga akaomba naye atie udongo. Wakamkatalia. "Mkono huo usimguse," wakasema. Basi akasimama njiani, mbali, mpaka watu wakatawanyika. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemsemesha. Sasa hakuwa na wa kumlinda, na njia ya kwenda kwao bondeni ilikuwa wazi mbele yake.

Wanafunzi walikuwa wamekwisha kurudi chuoni, wameketi, wanangoja. Lubunga akajifuta uso kwa kiganja, akapanda kilima, akaingia, akawaambia, "Tuliishia wapi?"

Hayo ndiyo ya Bibi Sikitu. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nami nawaambieni, watoto wangu: vita huua kwa siku chache, ujinga unaobaki nyuma yake huua miaka. Ukiona mahali watu wamejenga chuo juu ya majivu, ingia kwa adabu. Kuna mtu aliumeza uchungu wake ili wewe upate pa kuketi, na huenda mpaka leo haujamshuka kooni.

Ngano yangu naitua chini hapa, haina mguu wa kwenda mbele. Mwenye kuichukua aichukue kama ilivyo, asiitie sukari.