Mifuko Iliyoshonwa

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Aliye gizani hana kosa kwa kutoona; kosa lake ni kutembea kifua mbele kana kwamba ni mchana. Fundi wetu alitembea hivyo kwa wiki sita, tena na cherehani yake.

Fundi huyu alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Binti yake wa miaka tisa walimwita Tiara, kwa jinsi alivyochukuliwa na kila upepo. Akitumwa mkasi, alirudi na habari za paka wa jirani, mkasi kausahau.

Siku moja mwalimu wa darasa alimwita fundi shuleni.

"Mzazi, mwanao hayupo darasani," alisema. "Mwili upo, ila mikono iko mifukoni inachezea vitu tangu asubuhi mpaka kengele. Nikisema kunjeni mikono, yeye hasikii. Akianguka mtihani wa mwisho wa mwaka, atabaki darasa la tatu, wenzake wapande."

Fundi alirudi nyumbani na hofu. Yeye mwenyewe aliwahi kurudia darasa mara mbili, akachekwa mpaka akaacha shule. Hakutaka mwanawe aonje shubiri ile. Ila kwa habari ya mifuko alijiona yuko kwake. Akaichukua sare ya Tiara, akatoa vifungo vitatu vya zamani alivyovikuta humo, akaishona mifuko yote miwili kwa mshono wa mara mbili.

"Umeshona mifuko," mkewe alimtania, "sasa tafuta uzi wa kushonea kichwa."

Mambo yakaenda mrama. Tiara alianza kutafuna kola, kusimama bila ruhusa, kung'oa nyuzi za pindo. Hesabu alizokuwa akipata kumi na mbili kwa ishirini, sasa alipata nne. Fundi hakuelewa. Kama ugonjwa ulikuwa mifukoni, na mifuko imefungwa, mbona mgonjwa anazidiwa? Akamhamishia chumba cha majora ya vitambaa, asome kwenye utulivu. Mtoto akatoka na ukurasa uleule alioingia nao. Akamgombeza, akambembeleza, akamgombeza tena, na kila siku alizidi kuchanganyikiwa.

Jumamosi moja, siku tisa kabla ya mtihani, kopo la vifungo lilimponyoka fundi likamwagika sakafuni.

"Njoo utenganishe, mama," alimwita Tiara. "Vya shati huku, vya sketi kule." Na kwa kuwa mtihani haukumtoka akilini, akaanza kumuuliza maswali huku akikanyaga cherehani, bila matumaini yoyote. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," Tiara alijibu bila kuinua macho.

Akalimaliza jedwali la saba. Akaeleza mvua inavyotokea, neno kwa neno kama mwalimu alivyofundisha. Cherehani ikasimama.

"Acha vifungo. Niangalie usoni. Saba mara tisa?"

Tiara alimtazama. Macho yakahamia dirishani, kisha kwenye kipande cha uzi begani mwa baba yake. "Umeuliza nini, baba?"

Fundi alimrudishia vifungo, majibu yakarudi. Akavichukua, yakapotea. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka mwenyewe akaogopa.

"Mwanangu, una nini?"

"Sijui, baba. Mikono ikikaa bure, kichwa kinaondoka. Ikiwa na kazi, kinabaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulichukua sare ukashona."

Fundi aliona haya. Akainamisha macho, akaikuta miguu yake nayo ikichezea kikanyagio, wala hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Akatafuta wembe, akaanza kuifumua ile mifuko. Mshono wa dakika kumi ulimchukua saa nzima kuutoa.

Jumatatu alikwenda shuleni. Mwalimu alimsikiliza amekunja uso.

"Miaka kumi na tisa nasema kunjeni mikono," alisema polepole. "Sasa unataka niseme nini?"

"Sijui, mwalimu. Hata mimi kichwa kinaniuma. Naomba tujaribu."

Walikubaliana: kifungo kimoja mfukoni, maswali machache machache, na Tiara ndiye atakayefuta ubao kila akianza kutapatapa.

Msitarajie miujiza. Katika mtihani Tiara alikuwa wa thelathini na moja kati ya arobaini na wanne, na mkasi anausahau mpaka leo. Lakini alipanda darasa la nne na wenzake. Fundi alimshonea sare mpya yenye mifuko mikubwa, na alipomaliza akatia vifungo vitatu vya zamani katika mfuko wa kulia.

"Kwani vinamsaidiaje?" mkewe aliuliza.

"Sijaelewa bado," fundi alisema. "Ila siku hizi nauliza kwanza, ndipo nishone."

Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.