Maji Kinywani mwa Sungura

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakisemezana na kusutana kama sisi, kiangazi kiliingia mbugani na kikakataa kuondoka. Nyasi zilikauka, mto ukabaki mchanga mtupu, na waliokuwa wanene wakahesabika mbavu. Maji yalipatikana mahali pamoja tu, katika kisima ambacho tembo walikichimba mchangani chini ya mwamba kabla hawajahama. Wanyama wakinywa kwa zamu wangefika kwenye mvua. Wakigombania, wangekufa wote.

Simba, ambaye ni mfalme na hachoki kuwakumbusha wenzake, aliitisha baraza.

"Nataka mlinzi wa kisima," alisema. "Awe mtu anayeutawala moyo wake. Mimi ningefaa kuliko wote, lakini mfalme hasimami kisimani kama kijakazi."

Fisi alijitokeza wa kwanza, mate yakimchuruzika. Baraza zima lilicheka mpaka akaketi.

Ndipo akainuka Sungura. Alikuwa mdogo wa mwili na mwingi wa akili, na kwa bahati mbaya hapakuwa na aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "shida yetu si maji, ni mioyo. Kila mmoja hapa ana kitu ndani yake asichokiona. Mfalme, heshima yako ikiguswa unakasirika kabla hujajua umekasirikia nini. Fisi, wewe huna njaa muda wote, una hofu ya kukosa. Nyati, ukisemwa asubuhi unanuna mpaka jioni, halafu unatuambia umechoka."

Nyati alinuna. Simba alianza kunguruma, akajishtukia, akajifanya anakohoa. Wengine walitazamana, maana yote yalikuwa kweli.

"Na wewe je, mtani wangu?" aliuliza Bi Ngiri, mama mmoja mwenye pua ya udongo na maneno machache. "Usichokiona wewe ni kipi?"

"Mimi nilishajichunguza zamani," alijibu Sungura. "Sikukuta kitu."

Jibu la kipumbavu kama hilo lilitosha kumnyima mtu hata ulinzi wa kichuguu, lakini baraza lilimpa kisima. Wanyama walidhani anayejua kuwasema wengine lazima awe ameanza na nafsi yake. Hata leo wapo wanaodhani hivyo, na ndio wanaotapeliwa kila siku.

Basi Sungura akawa mlinzi, tena akajifanya mwalimu. Hakuna aliyekunywa bila kwanza kupewa mawaidha. Swala alielezwa woga wake umetoka wapi. Nyati alifundishwa kutofautisha hasira na huzuni, akaondoka akiwa nazo zote mbili. Bi Ngiri alipofika na watoto wake wakiyumba, aliambiwa afumbe macho, avute pumzi taratibu na autambue wasiwasi wake.

"Wasiwasi wangu naujua," alisema Bi Ngiri. "Ni kiu. Nipishe."

Sungura alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ile ya mtu aliyetoka kuoga. Maana alikuwa ametoka kuoga kweli. Tangu alipokabidhiwa kisima aliona ni uonevu mwenye akili anywe kipimo kimoja na wajinga. Alikata matete makavu ya mtoni, akayatoboa vifundo, akayaunga kwa nta ya nyuki na kuyazika mchangani kutoka kisimani hadi kwenye shimo la bondeni, nyuma ya mwamba. Maji yalimfuata yenyewe huko. Alikunywa, akaoga, akanawa masikio, na yaliyobaki akayaacha yapotelee ardhini. Kisha akaokota kinyesi cha Fisi, kile cheupe cha mtafuna mifupa, akakitupa kando ya shimo. Jambo moja tu lilimkera: kazi safi namna ile, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kisima kikaanza kupungua. Mtoto wa Swala alianguka akisubiri zamu, na mama yake alipomgusa kwa pua hakuinuka tena. Siku hiyo Bi Ngiri hakusubiri mawaidha. Alizunguka mwamba akichimba huku na huku kwa meno yake, akafukua tete moja, akalifuata mpaka shimoni, akapiga kelele.

Wanyama wote walikuja. Waliona maji, waliona matete, na waliona kinyesi cheupe. Hapakuwa na haja ya kuulizana.

"Fisi aende uwanda wa chumvi," Simba aliamua. "Leo hii."

Kila mmoja aliujua uwanda huo. Hauna mti wala tone la maji, na aliyepelekwa huko hakuwahi kurudi. Fisi alilia kwa sauti mbaya.

"Jamani, mimi nimekula vingi vya watu, na nikiulizwa nakiri," alisema. "Lakini hili siyo langu. Nta yenyewe nikiiona naila, nitaungia nini?"

"Msimkasirikie," Sungura alisema kwa upole. "Uroho ni maradhi. Mwondoeni taratibu, asijisikie kudhalilika."

Bi Ngiri alimtazama mlinzi huyo. Manyoya yake yalikuwa safi mno kwa kiangazi kama kile. Lakini usafi si ushahidi, na Simba alikuwa ameshasema. Kumwambia Simba amekosea ni kuomba kuliwa. Bi Ngiri alitafuta njia nyingine, akaipata katika mila.

"Mfalme," alisema, "kabla hajaondoka, naomba maji ya utani. Ayashike kinywani mwenye kinyesi, ayashike na mwenye ulinzi."

Mila hiyo ilikuwa hivi. Kila ukoo ulikuwa na watani wake, walioruhusiwa kuuambia lolote usoni bila kupigwa. Penye wizi usio na shahidi, mshukiwa alijaza maji kinywani na kuyashika, asimeze wala asiteme, huku mtani wake akimsema. Akivumilia mpaka mtani achoke, alikuwa huru. Akishindwa, neno la kwanza kumtoka ndilo lililohesabiwa kuwa ushahidi. Mfalme mwenyewe hakuweza kulipinga, na Simba, kwa kuwa hakuwa yeye wa kusemwa, aliona ni mila nzuri sana.

Fisi alianza. Mtani wake Tai hakuwahi hata kufungua mdomo. Fisi alikuwa ameshameza.

"Matamu," alisema. "Naweza kurudia?"

Baraza lilishindwa kuamua neno hilo ni ushahidi wa nini. Simba alimwamuru akae pembeni.

Sungura alikuja bila wasiwasi, akajaza maji kinywani, akaketi wima na kufumba macho. Alijua kuutuliza uso wake kuliko mnyama yeyote. Bi Ngiri alisimama mbele yake. Koo zao zilikuwa watani tangu mababu walipogombania shimo moja lililoachwa na muhanga, yule mchimbaji mla mchwa, wakaishia kuchekana, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema chochote.

"Mwizi wewe," alianza.

Sungura alitabasamu.

"Mwongo. Mnafiki. Unafundisha watu kupumua huku unawaibia maji. Umemuua mtoto wa Swala, na usiku unalala."

Tabasamu lilibaki pale pale. Bi Ngiri alihisi baridi moyoni. Alitambua kwamba yote hayo Sungura alikwisha kujiambia mwenyewe na hayakumuuma. Aibu hakuwa nayo. Lakini kila mtu ana mahali anapoumia, na mtani wa kuzaliwa nawe anapajua. Bi Ngiri akampa Sungura mgongo, akaligeukia baraza.

"Jamani, nimemwonea mtani wangu," alisema. "Hebu tazameni matete haya. Yameungwa ovyo. Nta imepakwapakwa kama uji kwenye shavu la mtoto. Sungura hafanyi kazi mbovu hivi. Hii ni akili ya Fisi kabisa."

Masikio ya Sungura yalisimama.

"Tena mimi nampongeza Fisi," Bi Ngiri aliendelea. "Amemzunguka mlinzi mchana kweupe. Mlinzi kakaa juu ya mwamba anatuchambua mioyo, mwenzake chini anamchotea maji. Leo tumemjua mjanja wa mbuga hii ni nani. Fisi, ndugu yangu, tueleze ulivyowaza."

Fisi hakuwahi kupewa sifa maishani mwake, na kama kila kitu alichopewa, aliimeza bila kutafuna.

"Naam," alisema, akivuta kifua mbele. "Kwanza kabisa niliwaza. Halafu nikachukua tete."

Maji yakamtoka Sungura kinywani yakamrukia Simba miguuni.

"Fisi?" alisema. "Huyu atajua wapi kutoboa kifundo? Nta ile niliiyeyusha mimi juani, tone kwa tone. Mteremko niliupima mimi. Hakuna unganisho hata moja linalovuja, nendeni mkaangalie. Halafu asifiwe mla mifupa ambaye hata kinyesi chake nilikibeba mimi?"

Sungura aliendelea kuhema, akingoja wakubali kwamba kazi ilikuwa nzuri. Ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe, nayo hayakurudi kinywani.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Simba.

Wanyama waliinamisha vichwa ili asiwaone wanavyocheka. Fisi aliachiwa, akaenda moja kwa moja kwenye foleni, na hukumu yake akapewa mwenye kazi.

Kwa desturi, mtani humsindikiza mtani wake hata kwenye mabaya. Bi Ngiri alikwenda na Sungura mpaka pale ardhi inapogeuka nyeupe. Hapo Sungura alisimama.

"Ulibahatisha," alisema.

"Sikubahatisha. Ulikuwa unatutazama sisi, mtani wangu, na hukufikiri kwamba na sisi tuna macho. Kila mtu hapa mbugani alijua kwamba huwezi kuvumilia kusifiwa kwa mwingine. Ungetuuliza tungekwambia bure."

Sungura alilifikiria neno hilo. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea, na Bi Ngiri alidhani hatimaye limeingia. Kama angesema neno moja la mtu aliyejiona, Bi Ngiri angerudi kumwombea kwa Simba.

"Unajua shida yako wewe?" alisema Sungura. "Una wivu. Ukae chini ujichunguze."

Bi Ngiri aligeuka akawafuata watoto wake, maana zamu yao ya kunywa ilikuwa imekaribia. Nyuma yake alimsikia Sungura akiingia uwandani huku bado anaongea, na kwa kuwa hapakuwa na mnyama, alikuwa akiyaeleza mawe dosari zao.