Jina la Mtoto Aliyerudi

Sogeeni, na anayesinzia aamshwe, maana leo sisimulii ili mlale. Nina kesi iliyonishinda.

Palikuwa na watu watatu. Daktari Ndahani alikuwa na jicho: wenzake waliona wagonjwa, yeye aliona kinachowaunganisha. Mbeleje alikuwa na moyo wa kuamua jambo huku analia. Na mjomba Mazoya alikuwa na sauti. Yeye ndiye msimamizi wa jiko la msiba kijijini Chimaligo, na akisema, hata wazee hunyamaza.

Chimaligo mtu akifa, waombolezaji hulishwa mahindi ya kihenge chake mpaka kiishe. Kubakiza ni kumvunjia marehemu heshima. Basi akafa bibi mmoja, na kihenge chake kimejaa pomoni. Mwanawe Chilewa alikuwa amemvunia mapema kwa kuogopa nguruwe pori, mvua bado inanyesha, akayaingiza mahindi na unyevu wake. Watu wakala, wakalia, wakala tena.

Kisha wodi ikajaa. Macho ya manjano, matumbo yamevimba, kutapika kusikokoma. Chilewa akalazwa, na binti yake Wendo kitanda cha jirani. Kijijini wakasema bibi amewalaani. Chilewa akafa. Naona uchungu kulisema, maana alikuwa mtu mwema.

Daktari Ndahani akaacha kuuliza, "Unaumwa wapi?" akaanza kuuliza, "Ulikula wapi?" Kila kitanda kikataja msiba ule ule. Lakini ini huharibiwa na mengi: virusi, pombe, hata dawa za kienyeji. Bila ushahidi, nani angemsikiliza mbele ya laana?

Akamwendea Mbeleje, mke wa marehemu. "Mama, pole sana. Naomba ruhusa tumfungue mumeo, tupime ini lake."

Kwao maiti haikatwi. "Nikikubali, shemeji zangu watanitenga," Mbeleje akasema. Akamtazama Wendo, ambaye hata maji yalikuwa hayakai tumboni. "Mfungueni. Ila mumshone vizuri."

Majibu yakaja: sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi. Shemeji zake mpaka leo hawamsalimii.

Wakati huo kihenge cha bibi kilikuwa hakijaisha, na kwa kuwa lazima kiishe kwanza, msiba wa Chilewa ulikuwa unakula humo humo. Tena shangazi zake Wendo, kwa mapenzi yao, walikuwa wakimpelekea hospitali uji wa unga ule. Habari ilimkuta Mazoya masufuria yako motoni.

"Mjomba, kihenge hakijaisha," wakamkumbusha.

"Kimeisha. Nimekimaliza mimi." Akamwaga ugali, akakitia kihenge moto. Waombolezaji wakarudi makwao na njaa, na hakuna tena aliyemwita kusimamia jiko la msiba, heshima pekee aliyokuwa nayo.

Uji ule ukakoma. Wendo akaanza kuweza kula, macho yakarudia weupe wake, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa Chimaligo mtoto aliyeponea mlangoni mwa kaburi hupewa jina la aliyemrudisha, na huwa ni mmoja tu. Ukoo ukakaa. Mmoja akasema, "Bila jicho la daktari tungekuwa bado tunatambika." Mwingine akasema, "Jicho lingeona nini kama Mbeleje angekataa?" Wa tatu akasema, "Na majibu yangesaidia nini kama sufuria ingebaki motoni?" Wakabishana mpaka wakachoka.

Ndipo Wendo akasema kutoka mkekani, "Na baba je? Si yeye mliyemfungua?"

Wote walijua nani aliyaingiza mahindi yale kihengeni. Mtoto hajui, na mama yake hajapata ujasiri wa kumwambia.

Basi mimi nimeshindwa, na Wendo bado anangoja jina. Wewe uliyekaa hapo, ungempa la nani? Na akikuuliza tena habari za baba yake, utamjibu nini?